Bima ya gari inayokupa alama: mke wangu ameshuka bei, mimi nimepanda

Kama uko Ohio au jimbo jingine la Marekani na ajenti wa bima amekuambia, "Pakua programu yetu, endesha vizuri, bei itashuka," soma kwanza kabla hujabonyeza kukubali. Mimi na mke wangu tumemaliza mkataba wa miezi sita tukiwa kwenye mpango huo, kampuni moja, magari mawili. Bima ya gari lake imeshuka kutoka dola 131 hadi 109 kwa mwezi. Yangu imepanda kutoka 168 hadi 189. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyeandikiwa faini, na ukituuliza nani anaendesha vizuri zaidi, hata yeye atanitaja mimi, akiwa hajanikasirikia. Tofauti ni kwamba yeye anafanya kazi mchana, shuleni, na mimi natoka ghalani saa nane na nusu usiku.

Kilichotuvuta ni kwamba mgeni hapa hana historia. Miaka niliyoendesha Dar, Mandela Road jioni katikati ya malori ya bandarini na bodaboda, haikuhesabiwa hata mwezi mmoja. Tena Ohio, kama majimbo mengi, inaruhusu kampuni ya bima kuangalia rekodi yako ya mikopo inapopanga bei. California, Hawaii na Massachusetts ni miongoni mwa waliokataa. Mtu aliyetoka Bongo juzi, ana kadi moja ya benki ya mkopo mdogo, rekodi hiyo ataitoa wapi? Kwa hiyo ukiambiwa "tutakupima kwa unavyoendesha", unaona hatimaye haki imefika. Juu ya hapo kuna punguzo la kujiunga, unalipata siku hiyohiyo.

Programu yenyewe haina usumbufu. Inakaa kwenye simu, inaamka gari likianza kutembea, na ukifika unakuta ramani ya safari yako ina vitone vya kijani, njano na nyekundu. Inasoma GPS na vihisio vya mwendo vilivyomo ndani ya simu. Kampuni nyingine bado zinatoa kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kwenye tundu lile ambalo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Wanachohesabu hakitofautiani sana: breki za ghafla, kukanyaga mafuta kwa nguvu, spidi, kushika simu, jumla ya maili, na saa za usiku.

Breki ndizo zilizonitesa mwanzoni. Kampuni yetu haisemi kipimo chake, lakini Progressive, kampuni nyingine ya bima, ambao ni wakongwe wa mambo haya, wameeleza chao: ukipunguza mwendo kwa maili 7 kwa saa ndani ya sekunde moja, hiyo ni breki kali. Yaani ukiwa kwenye 40, sekunde moja baadaye usiwe umefika 33. Kwa Morse Road, hapa Columbus, mataa yamefuatana na kila taa ina wa kukuchomekea, si jambo dogo. Nilijifunza kuachia mafuta mapema, taa ikiwa bado mbali, gari lipoe lenyewe. Nilijifunza pia kuacha nafasi mbele, mtu akaingia, nikaacha nyingine, akaingia mwingine, na kazini nikafika palepale. Hapo nawapa haki yao: vitone vyekundu vilipungua kweli, na hata abiria wangu wameacha kushika dashibodi.

Ila usiku mmoja kwenye njia ya 310, pale Etna kabla ya kuingia I-70, kulungu watatu walikatiza mbele yangu. Nikasimamisha gari. Sisi wazima, wao wazima. Asubuhi nikakuta kitone chekundu na ushauri niweke umbali wa kutosha na gari lililo mbele. Gari lililo mbele lilikuwa na pembe.

Hilo nalo linavumilika. Nikipanda gari la mwenzangu programu inadhani naendesha mimi, lakini naweza kuingia na kubadilisha kuwa nilikuwa abiria. Saa za usiku ndizo hazina pa kurekebisha. Kwetu wanahesabu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri kuwa saa za hatari, na safari yangu yote ya kurudi nyumbani imo humo. Uende taratibu, usiguse simu, breki laini kama siagi, alama inashuka tu.

Nilimpigia ajenti wetu, Mkenya mmoja mstaarabu sana.

"Ndugu yangu, hiyo si mimi," akasema. "Mfumo unaona saa, hauoni kazi."

"Nikileta barua ya mwajiri?"

"Hakuna mahali pa kuiweka."

Sisemi wanadanganya. Takwimu za ajali Marekani zinaonyesha wazi kwamba kwa kila maili inayoendeshwa, usiku unaua zaidi kuliko mchana: ulevi, usingizi, giza. Lakini hesabu hiyo inaniweka kapu moja na anayetoka baa saa nane usiku. Na ukitazama ni nani hasa wako I-270 saa hizo, utakuta manesi wasaidizi wanaotoka kulea wazee, wa maghala, wa kusafisha maofisi. Wabeba boksi. Sisi ambao ahadi ya "tutakupima kwa unavyoendesha" ilituvutia kuliko wote ndio kipimo kinatuchapa.

Nikafuatilia pia data zinakwenda wapi, maana huko nyuma kumetokea makubwa. Machi 2024 gazeti la New York Times liliandika jinsi kampuni ya magari ya General Motors (GM) walivyokuwa wakipeleka taarifa za uendeshaji wa wateja wao kwa LexisNexis na Verisk, kampuni za kukusanya taarifa za watu, waliokuwa wakiziuzia kampuni za bima. Mwenye Chevrolet Bolt mmoja wa karibu na Seattle aliomba ripoti yake akapewa kurasa 258, safari baada ya safari. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali, FTC, ikatangaza hatua dhidi ya GM. Kwa hiyo hata kama hujapakua programu yoyote, gari jipya lenye intaneti linaweza kuwa linakuandika. LexisNexis wanalazimika kisheria kukupa ripoti yako bure ukiiomba. Niliomba. Yangu ilikuja kwa posta, ina bima na anwani zangu za zamani tu, nikashukuru gari langu ni kuukuu.

Kabla hujajiunga, mbane ajenti kwa swali hili: alama mbaya inapandisha bei, au inakunyima punguzo tu? Ipo mipango ambayo haipandishi, na ipo inayopandisha. Progressive wanakiri waziwazi kwamba baadhi ya madereva wao hupandishiwa. Wetu unapandisha, na maneno hayo yapo kwenye masharti, yameandikwa kwa herufi za kusomea kwa miwani.

Mke wangu amebaki. Mimi nimejitoa mkataba mpya ulipoanza, punguzo la kujiunga limekwenda na maji, nalipa 176. Sasa nachungulia bima ya kulipia kwa maili, ambayo ina ada ya msingi kila mwezi halafu senti kadhaa kwa kila maili, maana nje ya kazini na kanisani silipeleki gari popote. Kwa nyota, mama watoto anatoa nne. Mimi natoa mbili, na moja kati ya hizo ni ya mafunzo ya breki.