Mizani ya sonara kwenye mishale yangu: uzoefu wangu Malindi

Mizani yenyewe ni ile ndogo ya mfukoni ambayo masonara hupimia pete na vipuli. Mwisho wake gramu 200, na inasoma hadi gramu 0.01. Niliinunua dukani hapa Malindi mjini, ila mimi si mtu wa dhahabu. Napiga upinde wa aina ya Olimpiki, mita 18 na mita 70, kwenye shamba la mjomba wangu kule Ganda, na mizani hii nimeitumia kupanga mishale ya kaboni.

Kwa mita 18 unaweza kuishi bila mizani. Mishale miwili ikipishana greni kumi, yaani kama gramu 0.65, mmoja utapiga chini ya mwenzake kwa sentimita moja hivi, na mkono wako mwenyewe unakosea zaidi ya hapo. Rudi nyuma hadi mita 70, mambo yanageuka. Duara la kumi kwenye ubao wa sentimita 122 lina upana wa sentimita 12.2 tu, na greni kumi zile zile zinatosha kuutoa mshale nje hata kama umelenga katikati kabisa.

Greni ndicho kipimo chetu wapiga upinde, na ndicho wanachotumia watu wa bunduki kule Marekani wanaojijazia risasi. Gramu moja ni greni 15.43, kwa hiyo mizani hii inaona tofauti ya greni 0.15. Kwa mshale inatosha na kusaza. Kwa baruti isingefaa, maana wao wanafuatilia hadi sehemu ya kumi ya greni moja.

Sasa matokeo. Pakiti ya vyembe, yaani vichwa vya mishale, ilikuwa imeandikwa greni 100, yaani gramu 6.48. Nilipovipima kimoja kimoja, vingine vilikuwa 6.41, vingine 6.55. Mishale mizima nayo ilianzia gramu 21.6 mpaka 22.4, na yote ilitoka boksi moja! Nikayeyusha gundi, nikavitoa vyembe, nikaoanisha upya: chembe kizito kwa mshale mwepesi, chepesi kwa mzito. Pengo likapungua, ila halikuisha. Nikaandika namba kwenye kila mshale ili niujue unaoniletea fujo.

Kuna kero. Sahani ni ndogo na mshale ni mrefu, kwa hiyo ukiulaza juu yake manyoya yanagusa meza na namba inadanganya. Dawa yake ni kuipandisha mizani juu ya kopo, uweke kifuniko cha chupa juu ya sahani, ubonyeze sifuri, halafu uulaze mshale hapo katikati. Feni ya dari lazima uizime. Hata dirisha: msimu wa kusi upepo wa baharini ukiingia chumbani, tarakimu zinacheza hazitulii. Nami huifanya kazi hii alfajiri, kabla upepo haujaamka. Chumvi ya hewa ya hapa pia si rafiki wa vifaa hivi. Yangu inalala kwenye mkebe uliofungwa pamoja na mchele mkavu, na kabla ya kazi naisawazisha kwa kile kipande cha chuma cha gramu 100 kilichokuja nayo. Na inajizima yenyewe haraka mno, wakati mwingine mshale bado uko mkononi.

Lakini mizani haijui kama mshale umenyooka. Jirani yetu pale Ganda ni mzee wa Kiwaata, watu ambao pinde zao ngumu za kuwindia ndovu zilijulikana bara yote hii tangu zamani. Aliuchukua mshale niliousifu kwa uzito wake, akauzungusha taratibu juu ya kucha zake, akasikiliza. "Huu unatetemeka, mwanangu. Umepinda huku mbele." Nikaujaribu mwenyewe juu ya kucha zangu na kweli, ulikuwa unagonga-gonga. Nikautenga.

Ugumu wa mshale, yaani unavyokataa kupinda unaporushwa, nao mizani haiuoni. Hapo bado unahitaji kurusha mshale usio na manyoya pamoja na yenye manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ule mtupu ukiangukia kushoto mwa wenzake ni mgumu mno, ukienda kulia ni laini mno. Hili lirekebishe kwanza, ndipo uanze kuhangaika na greni. Na kila mshale wa kaboni ukunje kidogo kwa mikono ukisikiliza mlio wa ufa kabla ya kuupiga, kwa sababu uliopasuka unaweza kukatikia mkononi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Anayepiga mita 18 pekee abaki na pesa zake. Wa mita 70 anunue, ila achague yenye mfuniko wa kukinga upepo na aombe kuijaribu pale pale dukani: aweke kitu kile kile mara kadhaa, na namba ikibadilika kila mara, amrudishie mwenye duka.