Kadi ya vipindi vya zamani vya RTD: muuzaji katupigia kelele Krismasi nzima

Msinunue. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza kusimulia najijua, naweza kulegea.

Niliitafuta kwa ajili ya baba. Macho yake yamefifia, televisheni kwake imebaki kelele za watu asiowaona, na simu za kupapasa kioo haziwezi. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja Kariakoo anayeuza kadi ya memori iliyojaa vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) vya enzi zile: Pwagu na Pwaguzi, Mama na Mwana, Twende na Wakati, na salamu za sikukuu. Kadi 25,000, na kiredio cha kuichomeka 40,000. Sikuomba hata kupunguziwa. Dukani alinisikilizisha mwanzo mwanzo tu, sauti safi, nikaondoka nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Tukapanda Marangu kama kila Desemba. Jioni ya mkesha ukoo umejaa uwanjani, mbege inazunguka, nikamwekea baba redio mapajani. Zikaanza ngoma. Zile ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari, ambazo zikilia nyumbani kwetu hata mtoto anayelia ananyamazishwa. Baba aliketi wima. Akasema, "Huyo alikuwa haoni, na ngoma zote hizo anazipiga peke yake." Hakusema lingine. Mimi nilitoka nje kidogo kujifuta machozi, sioni haya kusema.

Niliporudi, Pwagu na mwenzake wako katikati ya hila zao, baba keshaanza kucheka kabla ya wakati kwa sababu anajua kinachokuja. Na hapo hapo, palepale pa kuchekesha, ikapasuka sauti ya kijana yule anapiga ukelele: jina la duka lake, mtaa, namba ya simu, "mzigo original huu!" Imewekwa juu ya maneno yao. Tukadhani ni mara moja. Dakika chache, tena. Kipindi hakikupita bila kukatwa mara nne au tano, na kila mara pale penyewe, kana kwamba alikaa akasikiliza ajue utamu uko wapi ndipo apachike kelele zake.

Lakini lililoniumiza zaidi ni la wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ni wa Dodoma. Sisi wengine 1993 tulikuwa tunakimbia kutoka mtoni na ndoo zinamwagika ili tumwahi Mkwaju wa mchezo wa redio wa Twende na Wakati, dereva wa malori, na mkewe Tunu, mara mbili kwa wiki. Wao Dodoma hawakukipata kipindi hicho. Mtambo wa kule ulirusha vipindi vingine mpaka 1995, kwa makusudi, ili watafiti wa mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI walinganishe waliosikia na wasiosikia. Wifi yangu alikuwa upande wa wasiosikia bila kujua. Kaolewa kwetu, kila tukimtaja Mkwaju yeye anabaki kutuangalia. Basi usiku ule aliacha vyombo, akavuta kigoda, akasema leo na mimi naanza mwanzo. Zaidi ya miaka thelathini, jamani! Tunu anafungua kinywa kumjibu mumewe, na yule kijana akaingia na namba yake ya simu. Wifi alicheka cha kujilazimisha, akarudi kwenye vyombo.

Watoto ndio waliokishika kile kibwagizo. Kufika tarehe 26 boma zima linaimba namba ya simu ya muuzaji. Mama na Mwana, kipindi alichotulea nacho Debora Mwenda, hakuna aliyekikumbuka hata hadithi moja.

Nikampigia. Nilianza kwa upole, nikampa heri ya sikukuu. Akanijibu, "Dada, huo ndio mhuri wangu. Nisipouweka watu wataniibia kazi."

Wataniibia kazi! Kazi gani? Wewe ulikuwa studio? Waliotia sauti zao mle wengi wametangulia mbele ya haki, walilipwa mshahara wa serikali, na wewe umenakili tu, halafu unawapigia kelele kichwani. Nilimwambia karibu yote hayo. Akasema, "Mama, sikukuu hii, waache wazee wapumzike, wenyewe wanasikia nini?" Akakata. Nilishaanza dada, nikamaliza mama.

Redio yenyewe siilaumu. Chaji inakaa na vitufe ni vikubwa, baba anavipapasa mwenyewe, tofauti na zamani tulipokuwa tunaanika betri juani zipate nguvu ya taarifa ya saa mbili. Na sauti, nikisema kweli, kijana ameisafisha vizuri. Hilo ndilo linalonikera: anajua kazi, kisha anaiharibu.

Usiku wa mwisho kabla hatujashuka Dar, nilipita mlangoni kwa baba nikasikia Pwagu na Pwaguzi tena, chini chini. Nikasimama. Kelele zikawa haziji. Nikachungulia: kidole gumba kiko kwenye kitufe cha sauti. Alikuwa ameshajua zinakaa wapi. Kabla tu hazijaingia anaipunguza redio hadi kimya, anayasema maneno ya Pwagu kwa mdomo wake, anacheka, kisha anaipandisha wanapoendelea. Siku nne zilimtosha kuyajua yote.

Nikasema afadhali nilinunua. Kisha nilipolala nikakasirika upya: mzee asiyeona anaziba matundu yaliyotobolewa na kijana niliyemlipa.

Kwa hiyo mwenye mzee nyumbani aliyekua na RTD, sijui nikwambie nini. Nunua, lakini usikilize kipindi kimoja mpaka mwisho hapo hapo dukani, na usitoe hela kabla. Mimi ya kwangu nilitaka kuirudisha, baba akaificha chini ya mto.

Na kama yupo mwenye Twende na Wakati kuanzia mwanzo, bila kelele za mtu yeyote, aniandikie. Wifi bado hajajua Tunu alijibu nini.