Kiko cha gunzi: kagua mrija kabla ya kusifu kichwa

Mwezi wa 6 mwaka jana, baridi ya Lubumbashi ilipoanza kuuma asubuhi, nilimnunulia mjomba wangu kiko cha gunzi la mahindi katika duka moja la mjini kwa dola 35, nikampelekea mtaani Katuba nikiwa na uhakika kwamba nimepata zawadi inayomfaa mzee aliyestaafu. Siku ya tatu alinipigia simu. "Mwipwa wangu," alisema, "kiko ni kizuri, lakini kinanikata mdomo." Nilidhani anatania. Nilipofika kwake Jumapili alivuta mdomo wake wa chini kwa kidole, nikaona mstari mwembamba mwekundu, kama mtu aliyepitishiwa ukingo wa karatasi.

Ndiyo sababu sitaandika kuhusu ukubwa wa kichwa, yaani lile gunzi linalotiwa tumbaku, wala rangi wala umbo, mambo ambayo kila muuzaji huyasifu na kila mnunuzi huyaona mwenyewe. Nitaandika kuhusu mrija, na hasa ile sehemu ya mwisho ya mrija, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambayo hukaa kinywani saa nzima na ambayo hakuna mtu anayeitazama dukani.

Mrija wa bei nafuu ni plastiki iliyomiminwa ndani ya kalibu yenye nusu mbili. Pale nusu hizo zinapokutana hubaki mshono, yaani ukingo mwembamba unaokimbia ubavuni mwa mrija tangu mwanzo hadi ncha. Mtengenezaji mwenye haya huukwangua na kuusugua. Asiye na haya huuacha, kwa kuwa anajua kwamba mnunuzi atakuwa anashangaa gunzi. Jicho haliuoni kwa urahisi, hasa plastiki ikiwa nyeusi. Mimi sasa hutembea na kipande cha pamba ya duka la dawa mkobani: nakipitisha polepole kuzunguka ncha ya mrija, na kikinasa hata uzi mmoja, narudisha kiko mezani. Pamba haijawahi kunidanganya.

Jaribio la pili ni la shingo. Katika kiko cha gunzi, shingo ni kipande cha mti kinachopenya hadi ndani ya kichwa, na mrija huingia katika mti huo kwa kubanwa tu, bila gundi wala skrubu. Uzungushe kwa vidole viwili: unapaswa kugoma kidogo, kisha ukubali. Ukiingia kama mguu katika kiatu cha kaka mkubwa, utaanguka siku mzee anapoinama kufunga kamba za viatu. Ukigoma kabisa, usiulazimishe, kwa maana mti huvimba kwa joto na unyevu, na wengi wamepasua shingo kwa kuchomoa mrija kiko kikiwa bado cha moto.

Sasa niseme wazi ninapoegemea, ili msomaji asinitafute makosa baadaye: naipenda kampuni ya Missouri Meerschaum, na sioni sababu ya kujifanya hakimu. Mwaka 1869, mkerezaji wa mbao aliyehamia Marekani kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, alianza kuuza viko vya magunzi katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, na mwaka 1878 alipata hataza ya njia yake ya kupaka plasta nje ya gunzi ili kuziba vitundu vyake. Jina walilokipa kiko hicho lilikuwa majigambo: walikilinganisha na viko vya gharama vya jiwe jeupe jepesi la Uturuki, ambavyo havichomi mkono. Kampuni ingali katika mji uleule. Mahindi yake ni mbegu maalumu yenye gunzi nene, na magunzi huachwa yakauke kwa muda mrefu, hata miaka miwili, kabla ya kufika kwenye mashine ya kukerezea.

Nataja hayo kwa sababu hapa kwetu, mahali ambapo bila bukari, yaani ugali, hakuna chakula, kila mtu huniuliza kwa nini tununue gunzi la Wamarekani wakati yetu tunawashia moto. Mjomba alijibu swali hilo kabla yangu kuzaliwa: akiwa kijana alichonga gunzi la shamba la nyumbani, akatoboa, akatia mwanzi, na kabla ya wiki kwisha moto ulikuwa umetokea ubavuni. Gunzi letu ni jembamba na kiini chake ni laini kama sifongo.

Kwa mzee mwenye meno ya bandia, ambaye ndiye mnunuzi ninayemfikiria, nafasi ya kwanza naipa Country Gentleman ya kampuni hiyo, na nasisitiza iwe yenye mrija uliopinda. Kichwa chake ni kirefu, na sehemu ya chini imezibwa kwa mti mgumu, kwa hiyo tako la kiko haliungui upesi. Mrija ni wa plastiki, na plastiki hiyo ni laini kiasi kwamba meno huacha alama. Wavutaji wengi huiona hiyo kuwa dosari. Mimi naiona kuwa rehema, kwa maana meno ya bandia yakikutana na kitu kigumu huteleza na kugonga. Mrija uliopinda nao huteremsha uzito wa kichwa kuelekea kidevuni, taya lisilazimike kuushikilia ukielea mbele ya uso.

Nafasi ya pili ni Legend, ya kampuni hiyohiyo na ya bei ya chini zaidi. Haina kizibo cha mti mgumu chini, na ncha ya shingo iliyo ndani ya kichwa huweza kuungua ikiwa mvutaji ana haraka. Dawa yake ni ya nyumbani: majivu ya kiko chenyewe yakandwe kwa matone machache ya maji, yapakwe chini ya kichwa hadi usawa wa tundu, yaachwe yakauke usiku kucha. Baada ya hapo inavutika bila wasiwasi.

Ya tatu ni kiko chochote cha gunzi kilichovishwa mrija wa akriliki, plastiki ngumu. Kwa mwenye meno yake mwenyewe ningekipandisha hadi juu, kwa sababu akriliki haing'atiki upesi, haibadiliki rangi kwa jua kama eboniti (mpira mgumu), na gunzi likichoka mrija huhamia kwenye gunzi jipya, mradi upana wa tundu la shingo ni uleule. Mjomba aliujaribu wa rafiki yake kwa dakika mbili, akaurudisha, akisema ni kama kuuma kitasa cha mlango.

Kile kikubwa chenye jina la MacArthur, kinachofanana na kile ambacho jenerali huyo wa Marekani alishuka nacho kwenye ndege uwanjani Atsugi, Japani, tarehe 30 Agosti 1945, ni cha kupigia picha. Kushikilia kichwa kirefu namna ile kwa meno ni kazi ya kijana.

Vile visivyo na jina, vya kwenye mifuko ya plastiki, usivinunue bila pamba mkononi.

Hapo ndipo linapokuja suala la wauzaji. Aliyeniuzia kiko cha kwanza hakuniruhusu kufungua mfuko, akidai kwamba ukifunguliwa bidhaa inakuwa ya mtumba. Nilipokirudisha alikitazama, akaniambia bila kutabasamu kwamba labda mdomo wa mzee ndio wenye tatizo. Nilipokubali kununua mrija mwingine peke yake, aliutaja kwa dola 15, akaeleza kwamba mizigo inatoka Johannesburg na kwamba mpaka wa Kasumbalesa unakula pesa, kana kwamba mrija wenye uzito wa kalamu ulisafiri na lori lake pekee. Nikatoa noti ya dola 20. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaona mpasuko mdogo pembeni, usiozidi punje ya mchele, akaikataa. Noti hiyohiyo ilitoka katika duka hilohilo, kama chenji, wiki iliyotangulia.

Niliondoka bila mrija, nikapitia soko la mtaa wa Kenya, humuhumu Lubumbashi, nikanunua vipande vitatu vya msasa: namba 400, 800 na 1000. Tulikaa uani na beseni la maji katikati yetu, mjomba akiwa amevaa miwani ya kusomea. Tulizungushia shingo kitambaa ili mti usilowe, tukausugua mshono kwa msasa uliolowanishwa, kwanza ule mkali, kisha laini, maji yakigeuka meusi kidogo kidogo, na mwishoni tukaung'arisha kwa dawa ya meno. Kazi ilichukua karibu saa moja. Mjomba akauweka kinywani mtupu, bila tumbaku, akauzungusha kushoto na kulia, akautoa akautazama. "Huyu wa duka," alisema, "saa moja tu ilimshinda?"

Gunzi lile liliungua tako kabla ya Krismasi. Mwezi wa 2 nilimletea Country Gentleman, iliyobebwa na binamu yangu aliyetoka Johannesburg, nikaipitishia pamba mbele yake kituoni kabla ya kumlipa.