Mwongozaji aliyeidharau Scott: uzoefu wangu katika makumbusho ya pikipiki Uingereza

Simshauri mtu yeyote amlipe mwongozaji katika jumba la makumbusho ya pikipiki nililolitembelea Uingereza majira ya joto yaliyopita, na ninaandika haya hasira ikiwa bado haijanitoka.

Nilikwenda kwa ajili ya pikipiki moja tu, Scott, ya kampuni aliyoianzisha Alfred Angas Scott huko Yorkshire mwaka 1908. Mwongozaji aliipita kama baiskeli mbovu, akasema kilikuwa kichezeo tu, akatuelekeza kwenye pikipiki kubwa za miaka ya baadaye. Nilimweleza kwa adabu kwamba kichezeo hicho kilishinda mashindano makubwa ya pikipiki ya Senior TT katika Kisiwa cha Man mwaka 1912 kikiendeshwa na Frank Applebee, kikashinda tena mwaka 1913 mikononi mwa Tim Wood, na kwamba hapo awali injini yake ya mipigo miwili, inayochoma mafuta kila mzunguko badala ya kila mizunguko miwili, iliwatisha wapinzani hata wasimamizi wa mashindano wakaamua ujazo wake uzidishwe kwa 1.32, ili ihesabiwe pamoja na injini kubwa kuliko yenyewe. Badala ya kunijibu, aliniuliza mbele ya wageni wote iwapo kwetu kuna pikipiki nyingine zaidi ya bodaboda.

Niliumia sana. Enzi ambayo waendeshaji wengi walilazimika kusukuma pikipiki huku wakikimbia, au kukanyaga pedali mpaka injini iwake, Scott aliiwekea yake kiki. Hiyo bodaboda aliyoitaja kwa dharau hupigwa kiki kila alfajiri pale Mwembe Tayari, kwetu Mombasa, na mtu anayelipwa kusimulia historia alipaswa kuliona hilo kabla ya kufungua kinywa.

Nilikusudia kuandika kwamba msiende kabisa, lakini nitakuwa nimemdhulumu mzee mmoja mfuta vumbi. Kundi lilipoondoka aliniita, akaifungua kamba, akaniacha niiguse rejeta na kuibonyeza kiki kwa mkono. Alinisimulia, kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu yake, jinsi Scott alivyoiacha kampuni yake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na jinsi alivyofariki kwa nimonia mwaka 1923, baada ya kurudi kutoka mapangoni akiwa na nguo zilizolowa.

Basi nabadili kauli: nendeni mkaione Scott, na mumtafute mzee huyo. Ada ya mwongozaji nimeandika barua kuidai. Ya kiingilio siidai.