Nilivyosafishiwa udongo ulioloa mafuta ya transfoma: nyota 3 kati ya 5

Nyuma ya karakana yangu kulikuwa na transfoma kuukuu iliyokuwa ikidondosha mafuta. Kila wiki nilimwaga unga wa mbao juu ya doa, nikazoa, maisha yakaendelea. Siku fundi wa kuing'oa aliposoma mwaka kwenye kibao chake, 1968, alirudi nyuma hatua mbili. Zama hizo mafuta ya aina ya PCB, kemikali zenye klorini, yalipendwa kwenye transfoma na kapasita kwa kuwa hayashiki moto kirahisi. Ni sumu inayosababisha saratani, na haiozi upesi ardhini.

Kampuni niliyoiita ilinifurahisha kwa kutoanza na sururu. Walipima kwanza kwa kifaa cha mkononi, kisha wakapeleka sampuli maabara, maana kifaa kile hunusa klorini tu. Hata chumvi ya kawaida yaweza kukidanganya. Walichora miraba ardhini wakachukua udongo wa juu, wa nusu mita na wa mita moja. Mimi niliogopea maji ya chini. Kumbe PCB haipatani na maji, hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi na mboji, na kwangu karibu yote ilikuwa imenasa juu, ikizidi miligramu 50 kwa kilo, kiwango cha Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza upesi.

Mpimaji akaniuliza ule unga wa mbao niliupeleka wapi. Niliona haya kumjibu: nilikuwa nauchoma. PCB ikiungua kwa moto mdogo huzaa dioksini na furani, sumu mbaya kuliko yenyewe. Wakapima na pale pa kuchomea, bila kunisimanga.

Sasa kasoro. Shimo walipozoa udongo mchafu walilifukia siku ileile, kabla majibu ya sampuli za chini yake hayajarudi. Yaliporudi, kona moja bado ilikuwa chafu. Wakafukua upya, na ule udongo safi walioufukia nao ukaingia kwenye mapipa ya taka! Kisha wakataka niyalipie hayo mapipa ya ziada. Nilikataa katakata, wakanywea.

Hati ya kuthibitisha kwamba mzigo umeteketezwa kwenye tanuri la joto linalozidi nyuzi 1,100 niliidai mara tatu. Ilifika nilipowaambia kwamba malipo ya mwisho nimeyakalia.