Ibada ya Quaker: ile ya Vihiga ama ile ya kimya ya Uingereza?

Kama umelelewa Friends, yaani kanisa la Quaker, kule Vihiga magharibi mwa Kenya kama mimi alafu ukahamia Uingereza, Jumapili ya kwanza utashtuka. Nyumbani, tangu wamisionari wa Marekani waanze Kaimosi 1902, ibada iko na ratiba: pasta, kwaya, nyimbo za Kiluhya, mahubiri, sadaka, matangazo, na masaa mawili yanapita hata hujaboeka. Huku hakuna pasta, unaingia unakuta viti vimepangwa duara, meza katikati iko na maua na Biblia, watu wameshakaa kimya na hakuna anayesema tuanze, ukishakaa tu ibada imeanza.

Hiyo kimya ya saa nzima isikutishe. Mwanzo utasikia tumbo lako likinguruma, mtu anakohoa, saa ya ukutani tik tik, alafu polepole kitu kinatulia ndani na unagundua hawa watu hawasinzii, wanangoja Roho. Akiguswa mtu anasimama, anaongea kidogo, anakaa, hakuna wa kumjibu wala kusema amina, na kuna siku hasimami yeyote. Mwisho wazee wawili wanapeana mikono, basi wote mnasalimiana, chai inafuata.

Ubatizo wa maji hutaona kote kuwili, wala meza ya Bwana.

Ukiwa na watoto wadogo Vihiga ni rahisi zaidi, wanaimba. Lakini kama moyo umechoka kabisa, nenda kwa ile ya kimya, mimi ilinishika. Kwaya ndio naimisi sana.