Kununua jozi ya kamanda katika Magic: njia tano, kuanzia inayofaa hadi ya kuepuka

Mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, una namna nyingi za kuchezwa, lakini mwongozo huu unahusu namna moja tu, iitwayo Commander, ambamo mchezaji huchagua shujaa mmoja mashuhuri na kuijenga seti nzima ya kadi ili imtumikie. Seti hiyo nitaiita jozi, kama wacheza karata wanavyosema jozi ya karata, na shujaa huyo nitamwita kamanda. Kamanda hachanganywi na kadi nyingine wala hasubiri kuvutwa; huwekwa pembeni, uso ukiwa wazi, na mwenye naye humwita mezani mara tu anapopata mana, yaani nguvu ya kulipia kadi, ya kutosha kumlipia. Ni sawa na kucheza karata huku turufu yako imelazwa mbele ya macho ya wote tangu mwanzo.

Sheria chache zinagusa mfuko moja kwa moja. Jozi ni kadi 100 kamili, kamanda akiwemo, na kwa kawaida hakuna kadi inayoruhusiwa kurudiwa isipokuwa ardhi za msingi, yaani zile kadi za ardhi zinazotoa mana bila masharti. Kila kadi lazima iwe ndani ya rangi za kamanda au isiwe na rangi kabisa. Kila mchezaji huanza na uhai 40, na akipigwa pointi 21 za mapambano na kamanda mmoja ametoka, hata kama uhai wake bado upo. Kamanda akiuawa anaweza kurudishwa pembeni, lakini kila akiitwa tena kutoka huko bei yake hupanda kwa mana mbili. Maana yake ni kwamba mnunuzi anahitaji kadi tofauti zaidi ya 60 mbali na ardhi, na kwamba idadi ya rangi za kamanda ndiyo inayoamua gharama mapema kuliko kitu kingine chochote. Kamanda wa rangi moja anaridhika na ardhi za msingi thelathini na kitu, ambazo maduka mengi huzitoa karibu bure. Atraxa, Praetors' Voice, mwenye rangi nne, au The Ur-Dragon, mwenye zote tano, wanahitaji ardhi zinazotoa rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, na ardhi za aina hiyo zilizo bora ni miongoni mwa kadi ghali ambazo mchezaji wa kawaida atawahi kuzinunua.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, chagua kamanda, na umchague kwa kuangalia anafanya nini mezani badala ya kuvutiwa na mchoro wake. Mfano ninaoupenda ni Krenko, Mob Boss, kiongozi wa vibwengo, mwenye rangi nyekundu peke yake na bei ya mana nne. Kazi yake ni moja: ukimlaza ubavu, ishara kwamba umemtumia zamu hiyo, anazaa vibwengo wapya kwa idadi ya vibwengo ulio nao. Akiwa peke yake anazaa mmoja, wanakuwa wawili. Zamu inayofuata wanakuwa wanne, kisha wanane, kisha kumi na sita. Weka mezani Impact Tremors, kadi inayomuumiza kila mpinzani pointi moja kila kiumbe kinapoingia upande wako, na hesabu hiyo inageuka kuwa silaha hata vibwengo wenyewe wasipopigana. Ongeza Lightning Greaves, viatu vya chuma vinavyomwezesha kutumika zamu ileile aliyoingia na kumkinga asilengwe, na tayari una uti wa mgongo wa jozi. Kamanda anayeweza kuelezwa kwa sentensi mbili namna hii ni rahisi kumnunulia kadi, kwa sababu kila kadi unayoishika unaweza kuiuliza: inamsaidia Krenko, inasaidia vibwengo, au haifanyi lolote kati ya hayo? Kamanda anayefanya mambo manne yasiyohusiana humfanya mnunuzi anunue jozi nne nusu nusu.

Sasa njia za kununua, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza: jozi ya dukani, kisha kadi kumi za nyongeza

Wizards of the Coast walitoa jozi za kwanza za Commander zilizo tayari mwaka 2011, zikiwa tano, na siku hizi jozi mpya hutoka mara kadhaa kwa mwaka. Kwa kawaida bei yake dukani Marekani huwa dola 40 hadi 50. Ndani unakuta kadi zote 100, kamanda akiwa tayari amechaguliwa, pamoja na Sol Ring, kadi ya mana moja inayotoa mana mbili na ambayo karibu kila mchezaji wa Commander huitumia. Unafungua sanduku, unachanganya, unacheza usiku huohuo.

Naiweka juu kwa sababu nyingine pia, ambayo waandishi wa Ulaya na Marekani hawana haja ya kuifikiria: ni kifurushi kimoja. Anayeagiza kadi kutoka ng'ambo kuja Dar es Salaam, Mombasa au Kigali analipa nauli na pengine ushuru kwa kila kifurushi. Mara yangu ya kwanza nilijidai mjanja, nikaagiza kadi 31 kutoka kwa wauzaji tisa tofauti, kila mmoja akiwa na bei nafuu kidogo kuliko mwenzake. Zikaja bahasha saba kwa muda wa miezi miwili, moja ikiwa imelowa. Mbili sikuziona tena, na nauli nilizolipa zilizidi bei ya kadi zenyewe.

Jozi ya dukani ina kasoro zake, na kadi kumi za nyongeza ndizo dawa. Watengenezaji hupenda kuweka ndani ya jozi moja mada mbili, pengine na kamanda wa akiba anayetaka kadi za namna nyingine, hivyo utakuta kadi kadhaa ambazo kwa kamanda wako ni magarasa matupu. Hizo ndizo za kutoa kwanza. Zinazofuata ni ardhi zinazoingia mezani zikiwa zimelala, ambazo hukuchelewesha zamu nzima. Unapoongeza, usikimbilie majoka. Hesabu kwanza kadi zinazoharakisha mana, ambazo zinafaa kuwa kama kumi. Kadi zinazokuwezesha kuvuta kadi nyingine, nazo kama kumi. Na kadi za kuondoa vitu vya wapinzani, nane au zaidi, zikiwemo mbili tatu za kufagia meza yote. Ardhi zibaki kati ya 36 na 38. Nimeona jozi nyingi zikishindwa kwa kukosa mana kuliko kwa kukosa kiumbe mkubwa, na kadi za kuvuta kadi kwa kawaida ndizo nafuu kuliko zote. Tovuti ya EDHREC, inayokusanya orodha za wachezaji na kuonyesha kadi zinazotumiwa zaidi na kila kamanda, inasaidia sana hapa, mradi usiifuate kama msahafu.

Ya pili: kadi mojamoja tangu mwanzo

Kwa mtu anayemjua kamanda anayemtaka, na hasa kamanda wa rangi moja kama Krenko au Talrand, Sky Summoner, ambaye humzalia mwenye naye kiumbe arukaye kila anapotumia uchawi wa mara moja, njia hii ndiyo inayotoa jozi nzuri zaidi kwa kila shilingi. Nimeishusha nafasi ya pili kwa sababu ya nauli niliyoitaja, na kwa sababu inamtaka mnunuzi awe na orodha iliyokamilika kabla hajatoa pesa. Masoko makubwa ni Cardmarket kwa walio Ulaya, na TCGplayer na Card Kingdom kwa walio Marekani. Mwenye ndugu huko afanye busara ya kuelekeza vifurushi vyote kwake, kisha vije kwa pamoja na anayesafiri. Kadi 100 hazichukui nafasi kubwa kuliko kipande cha sabuni ya kufulia.

Andika orodha, kisha ichapishe. Nenda kwa mwenye stesheneri, toa kadi zote kwenye karatasi za kawaida kwa ukubwa wa milimita 63 kwa 88, zikate, na uziingize ndani ya vifuko vya plastiki mbele ya karata za kawaida ili ziwe na ugumu. Cheza na wenzako mara nne au tano, ukiwa umewaambia. Kadi ulizozivuta ukatamani zingekuwa nyingine, zifute kwenye orodha. Nakala hizi haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi, na kuziuza kama kadi halisi ni wizi, lakini kwa kujaribu jozi nyumbani hakuna njia nafuu zaidi.

Unapoagiza, usilipie kadi isiyo na hata alama ya ukucha. Cardmarket hupanga hali za kadi kwa madaraja saba, na iliyochezewa kidogo itaingia kwenye kifuko na hakuna atakayeona tofauti upande wa pili wa meza. Usitie pia fedha nyingi kwenye kadi moja yenye nguvu za kupindukia. Tarehe 23 Septemba 2024, kamati iliyokuwa ikisimamia sheria za Commander ilipiga marufuku Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom, na watu waliokuwa wamelipa pesa nyingi kwa tatu za mwanzo waliamka wakiwa na vipande vya karatasi wasivyoweza kuvitumia.

Ya tatu: jozi za wanaoanza

Mwishoni mwa mwaka 2022 zilitoka jozi tano za rangi mbili mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, kwa bei ya chini kuliko zile za kawaida. Token Triumph, inayoongozwa na Emmara, Soul of the Accord, na Draconic Destruction, ya joka Atarka, World Render, ni rahisi kuzielewa na hazina kadi za kuumiza kichwa. Kama unamnunulia mdogo wako au mtoto wa miaka kumi na mitatu, anza hapa. Kama unajinunulia mwenyewe na umeshacheza mara kumi, utaichoka haraka, na gharama ya kuiboresha itakurudisha kwenye bei ya njia ya kwanza.

Ya nne: mtumba

Mtu anaacha kucheza, anauza jozi yake nzima pamoja na sanduku na vifuko. Ukibahatika ni bei nzuri mno. Shida ni kadi bandia, kwa hiyo usinunue bila kushika. Chukua kioo cha kukuzia, angalia duara la kijani nyuma ya kadi: kwenye kadi halisi utaona ndani yake vidoti vinne vidogo vyekundu vilivyojipanga kama herufi L, na vidoti hivyo bandia nyingi huvikosea. Kadi adimu zilizochapishwa tangu toleo la Magic 2015 huwa pia na muhuri mdogo wa duaradufu unaong'aa chini katikati. Muulize muuzaji, tena, jozi iko daraja gani la nguvu. Katika mfumo wa madaraja matano uliotangazwa Februari 2025, jozi za kawaida za dukani ziliwekwa daraja la 2, na jozi ya mtumba iliyopambwa na mchezaji mkali inaweza kuwa daraja la 4. Utaipeleka kwa marafiki wenye jozi za dukani, uwashinde mara tatu mfululizo, na mara ya nne wasikualike.

Ya tano: pakiti za kubahatisha

Hizi ndizo zinazouzwa zaidi karibu na keshia, na kwa kujenga jozi ya kamanda ndizo mbaya kuliko zote. Pakiti ya kawaida ya siku hizi ina kadi 14, nyingi zikiwa za rangi usizozihitaji, na kwa kuwa kadi moja ya kila aina inakutosha, hata ukipata nzuri mara mbili, ile ya pili haina kazi. Pesa ya pakiti kumi inanunua jozi ya dukani yenye kadi zote 100 na bado hubaki ya kununulia vifuko. Nunua pakiti kama unavyonunua tiketi ya mpira, kwa raha ya kufungua, na usiiandike kwenye bajeti ya Krenko.